Intafesi ya Sauti ya Chaneli Nyingi kwa Bendi Inayorekodi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo bendi huyarudia kila zinapochoka kurekodi mazoezi kwa simu. Mepesi yako juu, yenye kona yako chini. Kama tayari unajua intafesi ni kitu gani, ruka hadi sehemu ya kuhesabu chaneli, maana huko ndiko watu wengi hununua kitu kisichowafaa.

## Mambo ya msingi

Intafesi ni nini, na kwa nini tundu la maiki la kompyuta halitoshi?

Ni kisanduku kinachokaa kati ya ala zenu na kompyuta. Kinapokea umeme mdogo sana unaotoka kwenye maiki au gita, kinaukuza, kisha kinaugeuza kuwa tarakimu ambazo programu ya kurekodi inaweza kuzihifadhi. Sauti inaporudi, kinafanya kinyume: kinatoa tarakimu kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti ya spika na hedifoni. Wengine hukiita kadi ya sauti, na kamusi hupendelea kiolesura.

Tundu dogo la kompyuta lilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Halipokei kebo ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu), halitoi volti 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa, na halina nafasi ya mtu wa pili.

Kurekodi kwa chaneli nyingi kuna faida gani?

Kila ala inaingia kwa njia yake na kukaa kwenye treki yake. Kesho mkigundua besi imemmeza mwimbaji, mnaishusha besi peke yake badala ya kurudia wimbo mzima.

Ila msitarajie miujiza. Mkicheza wote chumba kimoja, maiki ya mwimbaji itanasa matoazi pia, hata intafesi ikiwa na chaneli mia. Kinachotenganisha sauti ni umbali, kuta, na uelekeo wa maiki.

Kwani hatuwezi kurekodi mmoja mmoja kwa intafesi ya njia mbili?

Mnaweza. Mpiga gita anarekodi, kisha besi, kisha sauti, na hakuna kosa lolote kitaalamu. Mambo mawili ndiyo huwakwamisha watu. La kwanza ni drams, ambazo haziwezi kurekodiwa kipande kimoja kimoja. La pili ni ule mwendo wa watu wanaotazamana wakicheza, ambao ukishapotea haurudishwi na programu yoyote. Kama hamna mpiga drams na hamjali hilo la pili, acheni kusoma hapa mkanunue intafesi ndogo.

## Kuhesabu chaneli

Tunahitaji chaneli ngapi?

Andikeni kila kinachosikika kwa wakati mmoja katika wimbo wenu mzito kuliko yote. Tuseme drams kwa maiki nne, besi moja, magita mawili, kinanda cha stirio ambacho kinakula chaneli mbili, na waimbaji wawili. Hizo ni 11. Intafesi maarufu za chaneli nyingi zina priampu (vikuzaji vya maiki) nane, kwa hiyo tayari mmepungukiwa na tatu.

Kabla ya kukimbilia kubwa zaidi, angalieni kinachoweza kusubiri. Kinanda kikiingia mono, zinabaki 10. Sauti za waimbaji mara nyingi hurudiwa baadaye, kwa hiyo siku ya kurekodi bendi mnahitaji moja tu ya kuwaongoza wengine. Sasa ni tisa. Gita la pili likirekodiwa kesho yake, nane zinatosha. Kwa mawazo yangu, priampu nane zenye mlango wa kupanukia zinazifaa bendi nyingi kuliko 16 za kuanzia. Huo mlango usiukose, hata ukidhani hutauhitaji. (Tazama swali la ADAT.)

Drams zinahitaji maiki ngapi?

Nne zinatoa sauti kamili: moja ngoma ya mguuni, moja snea, mbili juu. Nane zinakuruhusu kuweka maiki kwenye kila tomu na kwenye haihati. Zaidi ya hapo ni anasa ya chumba kikubwa.

Fundi Mwingereza Glyn Johns alijulikana kwa njia ya maiki tatu au nne: moja juu ya seti, nyingine pembeni upande wa tomu ya chini ikielekea snea, kisha moja ya ngoma ya mguuni, na ya snea mkipenda. Siri yake ni umbali. Maiki ya juu na ya pembeni lazima ziwe sawasawa kutoka katikati ya snea. Chukua uzi, mshikaji mmoja aubane kwa kidole katikati ya ngozi ya snea, vuta hadi kwenye maiki ya juu, funga fundo hapo, kisha zungusha uzi huohuo hadi pembeni na usogeze maiki mpaka iguse fundo. Msipopima, mlio wa snea unafika maiki moja kabla ya nyingine, na mkizichanganya snea inakonda kana kwamba imepigwa ndani ya kopo. Hakuna intafesi ya kurekebisha hilo.

Boksi linasema 18 kuingia na 20 kutoka. Mbona naona matundu manane tu ya maiki?

Kwa sababu watengenezaji huhesabu kila njia, hata zile ambazo huwezi kuchomeka maiki. Chukua Behringer UMC1820: nane ni za analogi zenye priampu, nane nyingine huingia kwa mlango wa mwanga wa ADAT, na mbili kwa S/PDIF (njia ya dijitali ya chaneli mbili). Jumla 18, lakini ukiitoa kwenye boksi leo unaweza kuchomeka maiki nane tu.

Si uongo, ni hesabu ya mfanyabiashara. Unapolinganisha intafesi, tafuta swali moja tu kwenye karatasi ya vipimo: priampu za maiki ni ngapi? Namba nyingine zifuate baadaye.

ADAT ni nini hasa?

Jina lilitoka kwa mashine ya kurekodi ya kampuni ya Alesis, iliyotambulishwa mwaka 1991, ambayo iliingiza treki nane za dijitali kwenye kaseti ya video ya S-VHS. Mashine ilizeeka, lakini njia yake ya kupitisha chaneli nane kwenye uzi mmoja wa mwanga imebaki hadi leo. Kebo ni ileile ya Toslink inayotumika nyuma ya televisheni.

Kwa bendi, maana yake ni kwamba mnaweza kuanza na priampu nane, halafu mkiongezeka mnanunua boksi la pili la priampu nane, mfano wa Behringer ADA8200, na kuliunga kwa kebo moja. Kompyuta inaona 16. Kuna masharti mawili. Mkirekodi kwa 96 kHz (yaani sauti inapimwa mara 96,000 kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli), chaneli za ADAT hushuka kutoka nane hadi nne kwa kila kebo, na baadhi ya maboksi, ADA8200 likiwemo, hayapandi zaidi ya 48 kHz. Sharti la pili ni saa, yaani mapigo ya ndani yanayopanga kila sampuli ichukuliwe lini, nalo lina swali lake chini.

Ukitaka kujua kama kebo inatuma, chomoa ncha ya upande wa kupokea. Ukiona nuru nyekundu ndani ya ncha, boksi la upili linatuma.

## Maiki, ala na umeme

Gita na besi vichomekwe wapi?

Kwenye tundu lenye swichi ya ala, ambayo mara nyingi huandikwa INST au Hi-Z. Gita lisilo na betri ndani linataka kupokelewa na ukinzani mkubwa, takriban megaohmu moja. Ukilichomeka kwenye njia ya laini au ya maiki, sauti inatoka imezimika, kama imefunikwa blanketi.

Sasa tazama hapa kwa makini: intafesi nyingi za njia nane zina swichi hiyo kwenye njia mbili za mwanzo tu. Besi na magita mawili yakiingia moja kwa moja, wa tatu amekosa nafasi. Dawa ni DI boksi, kidude kinachoshusha sauti ya gita na kuituma kama maiki kupitia XLR. Kinanda chenyewe kina nguvu ya kutosha, kinaingia kwenye laini bila shida.

Volti 48 zitaharibu maiki yangu ya dainamiki?

Hapana, mradi kebo ni nzima na ni ya XLR. Umeme huo hupita sawa kwenye pini mbili na maiki ya dainamiki haiuoni. Wa kuogopa ni maiki za riboni, hasa za zamani, na kebo mbovu zenye pini iliyogusana na nyingine.

Kwenye intafesi nyingi kitufe kimoja huwasha chaneli nne kwa pamoja. Panga maiki za kondensa upande mmoja tangu mwanzo. Na shusha sauti ya spika kabla ya kubonyeza. Ule mlipuko unaotoka si mzuri kwa spika wala kwa masikio.

Priampu za bei kubwa zina tofauti?

Ipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya kusogeza maiki sentimita kumi. Kitu cha kuangalia ni geini (kiasi cha kukuza sauti) ya juu kabisa. Maiki kama Shure SM7B zina sauti ndogo na zinahitaji kukuzwa takriban desibeli 60 kwa mwimbaji wa kawaida. Priampu inayoishia 50 itawaacha mkisikia mvumo mwingi kuliko wimbo. Kwa drams tatizo ni kinyume. Snea inapiga kwa nguvu kiasi kwamba priampu inaweza kuzidiwa hata geini ikiwa chini kabisa, na hapo kitufe cha kupunguza, kinachoitwa PAD, kinaokoa kazi.

Inaweza kupata umeme kwenye USB peke yake?

Ya njia mbili, ndiyo. Ya nane, kwa kawaida hapana. Mlango wa USB 2.0 hutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na humo ndani mtake priampu nane, volti 48, na hedifoni mbili. Ndiyo maana intafesi kubwa huja na adapta yake. Isipotee: si kila adapta yenye ncha inayoingia ina volti sawa.

## Upande wa kompyuta

USB 2.0 si ya kizamani? Tusubiri Thunderbolt?

Piga hesabu. Chaneli 18 za biti 24 kwa 48 kHz ni kama megabiti 21 kwa sekunde. USB 2.0 ina nafasi ya megabiti 480. Njia si nyembamba hata kidogo. Tundu la umbo la USB-C nalo halimaanishi kasi mpya; intafesi nyingi zenye tundu hilo ndani bado ni USB 2.0, na zinafanya kazi vizuri.

Ya kukwepa ni FireWire, aina ya zamani ya mlango wa kompyuta. Hata ukiipata bure, utahangaika kutafuta kompyuta na draiva za kuipokea.

Draiva ina umuhimu gani?

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na intafesi. Umuhimu wake ni mkubwa kuliko priampu, na watu hawapendi kusikia hivyo. Kwenye Windows unataka intafesi yenye draiva yake ya ASIO (aina ya draiva inayopunguza kuchelewa kwa sauti) kutoka kwa mtengenezaji. ASIO4ALL, draiva ya jumla ya bure, ni kiraka cha kupita nacho tu. Kwenye Mac mfumo wa Core Audio hushughulikia mengi, na intafesi zinazofuata kanuni ya jumla ya USB hufanya kazi bila kusakinisha chochote, hata kwenye iPad na Linux. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa mtengenezaji uone draiva ya mwisho ilitoka lini na kwa mfumo gani. Kukiwa na kimya cha miaka mingi, achana nayo.

Kwa nini najisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni?

Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone; inaikusanya kwenye bafa kwanza. Bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7, ya 512 ni karibu 11. Safari ni ya kwenda na kurudi, na ugeuzaji unaongeza kidogo.

Linganisha na hewa: sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde tatu. Mpiga gita aliyesimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya yake tayari anajisikia kwa kuchelewa milisekunde tisa na halalamiki. Mwimbaji ndiye msumbufu, na ana haki, kwa kuwa anajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake.

Kwa bendi nzima msishindane na bafa. Tumieni usikilizaji wa moja kwa moja, ambapo intafesi inarudisha sauti kwenye hedifoni kabla haijafika kwenye kompyuta. Basi weka bafa kubwa ili kompyuta isikwame katikati ya wimbo.

Turekodi kwa 44.1, 48 au 96?

48 kHz na biti 24. Kwa 96 mnapoteza nusu ya ADAT na diski inajaa mara mbili. Chaneli nane kwa 48 hula takriban megabaiti 69 kwa dakika, yaani gigabaiti nne na kitu kwa saa. Na kwa kuwa biti 24 zina nafasi kubwa chini, hakuna haja ya kusukuma mshale hadi juu. Vilele vikiishia karibu na desibeli -12 kwenye programu mko salama hata mpiga drams akipandwa na mori.

Programu yoyote inakubali chaneli nyingi?

Siyo. Baadhi ya matoleo ya bure au yanayokuja ndani ya boksi yanaweka kikomo cha njia za kurekodi kwa wakati mmoja. Hilo ulijue kabla ya siku ya kurekodi. Reaper haina kikomo hicho.

## Kusikilizana

Intafesi ina matundu mawili ya hedifoni na sisi tuko watano. Tufanyeje?

Hapa ndipo bendi hukwama, na karibu hakuna anayeuliza kabla ya kununua. Watu huhesabu njia za kuingia, wakasahau kwamba kila anayecheza lazima asikie.

Rahisi kuliko zote ni amplifaya ya hedifoni yenye njia nne au zaidi: unachukua toleo moja la intafesi, linagawanywa kwa wote. Ubaya wake ni kwamba wote wanasikia mchanganyiko mmoja. Mpiga drams anataka besi na mdundo wa kuongoza, mwimbaji hataki hata kuusikia huo mdundo, na ugomvi unaanza kabla ya ubeti wa pili.

Mchanganyiko tofauti kwa kila mtu unakula njia mbili za kutoka ukiwa wa stirio, moja ukiwa mono. Intafesi yenye njia 10 za analogi za kutoka, mkiacha mbili za spika, inawapa michanganyiko minne ya stirio au minane ya mono. Mono kwenye mazoezi haijamwua mtu. Hakikisheni pia kwamba intafesi ina programu yake ya kuchanganya ndani, vinginevyo kila mchanganyiko utapitia kwenye kompyuta na kuchelewa kunarudi.

## Kona zenye utata

Tuna intafesi mbili ndogo. Tuziunganishe?

Kwenye Windows, ASIO hukubali draiva moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mara nyingi jibu ni hapana. Mac inaruhusu kuziunda kuwa kifaa kimoja cha pamoja, na ukifanya hivyo weka tiki kwenye kisanduku cha kurekebisha mwachano (Drift Correction). Kila intafesi ina saa yake ya ndani, na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikipishana sehemu 50 tu kwa milioni, wimbo wa dakika nne unamalizika zikiwa zimeachana milisekunde 12. Kwa kinanda na sauti mnaweza kuvumilia. Kugawa drams kati ya boksi mbili, msithubutu.

Tumeunga ADAT na tunasikia "tk, tk". Kebo mbovu?

Mara nyingi ni saa. Maboksi mawili ya dijitali lazima yafuate saa ileile. Moja linaongoza, jingine linafuata. Sisi tuliwahi kuazima boksi la pili, tukarekodi kwa muda wa saa tatu huku kila boksi likifuata saa yake. Tulipokuwa tunapiga kwa nguvu hakuna aliyesikia kitu. Kesho yake, kwenye ubeti wa gita na sauti tu, zikaonekana: tk moja kila baada ya sekunde chache, kwenye chaneli nane zote za boksi la kuazima. Tulirudia drams zote.

Kama mna kebo moja tu, ile inayotoka kwenye boksi la nyongeza kuja kwenye intafesi, nenda kwenye programu ya intafesi ubadilishe chanzo cha saa kutoka cha ndani kwenda ADAT. Hakikisha pia pande zote mbili ziko 48, si moja 44.1.

Miksa yenye USB haiwezi kufanya kazi hiyohiyo?

Inategemea inatuma nini. Miksa nyingi za analogi zenye USB hutuma mchanganyiko wa mwisho tu, chaneli mbili, na hapo mmerudi kwenye simu. Tafuta zinazosema wazi kwamba kila chaneli inatoka peke yake. Behringer XR18, kwa mfano, ina priampu 16 na hutuma chaneli 18 kwa USB, huku kila mwanabendi akipanga sauti yake kwa simu. Kwa bendi inayopiga jukwaani pia, ningechagua hiyo kabla ya intafesi. Haipandi zaidi ya 48 kHz. Mmeshaona kwa nini hilo halinisumbui.

Kuna mngurumo kila kinanda kinapochomekwa.

Umeme wa ardhi umezunguka kupitia njia mbili. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, kisha jaribu DI boksi yenye swichi ya kukata ardhi ya sauti. Pini ya ardhi ya plagi usiikate kamwe. Mtu aliyeshika gita huku midomo imegusa maiki ndiye njia fupi ya umeme huo.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Nenda na kompyuta yako, kebo moja ya XLR na maiki moja, na usione haya kuchukua nusu saa. Pitisha maiki kwenye njia zote nane, moja baada ya nyingine, ukiongea maneno yaleyale kwa geini ileile. Mwenye sauti ndogo kuliko wenzake anaonekana mara moja. Zungusha kila kitufe polepole ukisikiliza mkwaruzo. Tikisa kebo ikiwa ndani ya tundu, maana matundu ya njia ya kwanza na ya pili ndiyo yaliyochomekwa mara nyingi zaidi.

Ukiwa na mita ya umeme, washa volti 48 kisha pima kati ya pini 1 na 2, halafu 1 na 3. Zote mbili zinapaswa kukaribia 48. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, njia hiyo ina kasoro. Jaribu pia ADAT kwa kuchomeka kebo ya mwanga kutoka tundu la kutoka hadi la kuingia la boksi lilelile na kutuma sauti. Muuzaji akikuambia hana adapta yake lakini "yoyote itaingia", mrudishie intafesi yake mkononi.